Kura ya Jumuiya, Mkono wa Paroko: Namna Walei Wanavyopatikana Kuongoza Parokia

Kila baada ya miaka mitatu hivi, katika parokia nyingi za Kikatoliki Tanzania, husomwa tangazo linalowafanya watu wakae vizuri kwenye mabenchi: jumuiya zote zianze uchaguzi, na majina ya viongozi wapya yafike ofisi ya parokia kabla ya tarehe fulani. Wiki hiyo maongezi ya njiani baada ya misa hubadilika. "Safari hii tumweke mzee yule, ana gari, hatasumbuka kwenda parokiani." "Hapana, mpeni mwalimu, ana mwandiko mzuri." "Mama yule muacheni apumzike, amebeba vya kutosha." Majina yanatajwa haraka, kwa upendo, na mara nyingi bila mtu kuuliza jambo ambalo lingepaswa kutangulia: hawa tunaowachagua wanakwenda kufanya kazi gani hasa, na watakuwa na mamlaka gani?

Naamini ugomvi mwingi wa parokiani huzaliwa hapo, swali hilo linaporukwa. Mwenyekiti mpya anaingia akidhani yeye ni kama mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Paroko, yaani padre anayeongoza parokia, anadhani ameletewa watu wa kutekeleza aliyokwisha kuyaamua. Waamini wanadhani wametuma wabunge. Wote wanaingia na picha isiyo sahihi, tena wote kwa nia njema, na mwaka wa pili haujaisha wameshaacha kusalimiana.

Mabaraza mawili yenye kazi mbili

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unataja vyombo viwili ambavyo mlei, yaani muumini asiye padre wala mtawa, anaweza kuitwa kukaa ndani yake katika parokia. Kanuni ya 536 inaeleza baraza la kichungaji. Hili linaundwa askofu wa jimbo akiona inafaa, baada ya kulisikiliza baraza lake la mapadre, na kazi yake ni kusaidia uchungaji: mafundisho, vijana, ndoa, wagonjwa, maskini, namna parokia inavyoishi imani yake. Paroko ndiye anayeliongoza. Kura ya wajumbe ni ya ushauri. Kanuni inayofuata, ya 537, inazungumzia baraza la fedha, na hapo lugha inabadilika ghafla. Hakuna tena "askofu akiona inafaa". Kila parokia lazima iwe nalo. Waamini waliochaguliwa kwa taratibu za jimbo wanamsaidia paroko kutunza mali ya parokia.

Angalia tofauti hiyo vizuri. Sheria imemwachia askofu nafasi ya kuamua kuhusu baraza la kusaidia uchungaji, lakini kuhusu fedha haikumwachia mtu nafasi. Mimi naliona hilo kuwa ni ujuzi wa wanadamu uliotokana na miaka mingi ya maumivu.

Kwetu mambo yanachanganyika kidogo kwa sababu ya majina. Parokia nyingi za Tanzania zina Halmashauri ya Walei, inayoanzia jumuiya ndogo ndogo na kupanda hadi kigango (tawi la parokia), parokia, dekania (kundi la parokia jirani), jimbo na taifa. Kenya utasikia zaidi baraza la parokia. Kwa shughuli za kila siku, halmashauri hiyo ndiyo inayobeba kazi ambayo sheria inaiita ya baraza la kichungaji. Kamati ya fedha nayo mara nyingi huwa mtoto wa halmashauri: watu walewale, kikao kilekile, ajenda ya mwisho saa nane mchana watu wameshachoka. Hapo ndipo uchaguzi unapoanza kuharibika, maana mtu aliyechaguliwa kwa kuwa anajua kuwafariji wafiwa anajikuta akitakiwa kukagua risiti za nondo.

Ushauri una uzito gani?

Neno "ushauri" limewaudhi wengi. "Tunachaguliwa, tunachangisha, tunasimamia ujenzi, halafu mnasema sisi ni washauri tu?" Swali ni la haki na linastahili jibu zaidi ya lile la "ndivyo sheria inavyosema".

Sehemu ya jibu iko katika historia. Marekani, mapema katika karne ya 19, parokia kadhaa za Kikatoliki zilimilikiwa kisheria na wadhamini walei waliochaguliwa na waamini waliolipia viti kanisani. Wadhamini hao walishika hati ya kiwanja, na walipotofautiana na askofu, walishika pia funguo za mlango. Mgogoro uliojulikana zaidi ulikuwa wa kanisa la St. Mary's mjini Philadelphia. Wadhamini walimng'ang'ania padre William Hogan dhidi ya askofu Henry Conwell, naye askofu akamtenga padre huyo na Kanisa mwaka 1821. Parokia ilipasuka. Kumbukumbu za aina hiyo ziliifanya Roma iwe na tahadhari kubwa na bodi yoyote ya walei yenye neno la mwisho juu ya mali au juu ya padre.

Sehemu nyingine ya jibu iko katika sheria za nchi yetu. Taasisi ya dini Tanzania humiliki ardhi kupitia wadhamini waliosajiliwa chini ya Sheria ya Uunganishaji wa Wadhamini, Sura ya 318, wanaosimamiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kwa hiyo kiwanja mlichokichangia kwa mbao na mayai ya mnada, kwa kawaida, hati yake imeandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo. Halmashauri ya parokia haiwezi kukiuza wala kukiweka rehani hata ikipiga kura kwa sauti moja. Mjumbe mpya anastahili kuambiwa hayo siku ya kwanza, asije akayagundua katikati ya ugomvi.

Hata hivyo ushauri si maneno ya kupita hewani. Kanuni ya 127, pale sheria inapomtaka kiongozi awasikilize watu kabla ya kutenda, inasema akitenda bila kuwasikiliza, tendo lake ni batili. Tena inaongeza kwamba, ingawa halazimiki kufuata walichosema, asiende kinyume chake, hasa wakiwa wamekubaliana, bila sababu nzito kuliko ushauri wenyewe. Na kuhusu fedha, kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawatolee waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Paroko anayesoma mapato na matumizi mbele ya watu anatimiza deni. Wazee wetu husema penye wazee haliharibiki neno, na wanaposema hivyo hawamaanishi kwamba wazee ndio wenye shamba. Wanamaanisha kwamba mwenye shamba asiyewasikiliza atalima mawe.

Upande wa pili nao una mpaka wake. Maelekezo ya Roma ya mwaka 1997 kuhusu ushirikiano wa walei na mapadre yanasema wazi kwamba baraza la parokia likikutana bila kuongozwa na paroko, au kinyume cha matakwa yake, yale liliyoyaamua hayana nguvu. Mwenyekiti mlei anaweza kuendesha kikao, kutoa nafasi za kusema, kuandaa ajenda pamoja na katibu. Lakini kikao cha siri cha kupanga kumng'oa paroko, hata kikiwa na mihutasari iliyopigwa muhuri, si kikao cha baraza. Mwenye malalamiko ya kweli anayo njia: dekano (padre anayesimamia dekania), kisha askofu.

Kura inaanzia sebuleni

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndizo mlango wa kuingilia. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, katika mikutano yao ya AMECEA ya miaka ya 1970, hasa ule wa Nairobi mwaka 1976, walizifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji. Leo nyumba kumi, kumi na tano au zaidi husali pamoja, mara nyingi kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba, na viongozi wake huchaguliwa hapohapo sebuleni. Viongozi wa jumuiya hukutana na kuwapata wa kanda au kigango, na hao nao wanafika parokiani. Mwenyekiti wa parokia, basi, ni mtu aliyepita katika chujio kadhaa.

Utaratibu huo una uzuri mmoja mkubwa. Majirani wanamjua mtu. Wanajua kama anafika kwenye msiba usio wa ndugu yake, kama mfanyakazi wake wa ndani analipwa, kama anaongea na mke wake. Una udhaifu mmoja pia: sebuleni watu wanaoneana haya. Mtu akipendekezwa mbele ya mwenye nyumba, nani atanyoosha mkono kumpinga? Ndiyo maana napenda kura ya siri hata kwa watu kumi na wawili, hata kama ni vikaratasi vilivyochanwa kwenye daftari la mtoto. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 172, inataka kura iwe huru na ya siri, na kanuni ya 173 inataka wahesabu kura wasiopungua wawili. Kanuni ya 119, isipokuwa katiba iseme vingine, inadai wingi unaozidi nusu ya waliohudhuria. Ukikosekana mara mbili, wawili wanaoongoza ndio wanaoshindanishwa mara ya tatu, na wakilingana tena, mwenye umri mkubwa anachukua. Kanuni hizo zimeandikwa kwa chaguzi rasmi za Kanisa, lakini hata pale mwongozo wa walei umekaa kimya, ni kipimo kizuri cha kufuata.

Kisha inakuja hatua ambayo watu huielewa vibaya kuliko zote: kuthibitishwa. Majina yanapelekwa kwa paroko, naye anayapokea au anauliza maswali, na viongozi wanasimikwa mbele ya altare. Baadhi ya waamini huona hapo kura yao imechezewa. Nadhani wanasahau jinsi jambo lenyewe lilivyoanza.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Yerusalemu kuna manung'uniko. Wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Mitume hawateui mtu. Wanaliambia kusanyiko lote lichague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kusanyiko linachagua, linawasimamisha mbele ya mitume, nao wanasali na kuwawekea mikono. Watu walichagua na mitume wakathibitisha, na hakuna upande uliofanya kazi ya mwingine. Sasa tazama majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni ya Kiyunani, na Nikolao hakuzaliwa hata Myahudi. Malalamiko yalitoka upande wa wasema Kiyunani, na inaelekea meza yenyewe ikakabidhiwa watu wa upande huo. Halmashauri zetu zingefanya hivyo? Kigango kinacholalamika kwamba kinasahauliwa kwenye bajeti, je, kingepewa mweka hazina?

Mtu wa kiti kipi?

Ukishajua kwamba kazi ni mbili, sifa nazo zinajitenga zenyewe. Kwa baraza la kichungaji unahitaji mtu mwenye masikio. Mtu anayejua kwamba vijana wa mtaa wa chini hawaji misa kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya biashara yao, na anayeweza kulisema hilo kikaoni bila kumuaibisha mtu. Elimu si sharti. Nimeona vikao ambavyo aliyesema maneno mawili ya maana alikuwa bibi asiyejua kusoma ajenda aliyoishika mkononi.

Kwa fedha mambo ni mengine. Hapa wema hautoshi. Kanuni ya 492, inayohusu baraza la fedha la jimbo, inataka watu waliobobea katika mambo ya fedha na sheria za nchi, na waadilifu wa kupigiwa mfano. Tena inawaondoa kabisa ndugu wa askofu, wa damu au wa ndoa, hadi daraja la nne. Sheria hiyo ni ya jimbo, lakini parokia ingefanya vyema kujifunza kwayo. Mweka hazina asiwe shemeji wa katibu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi asikae kwenye kamati inayoamua saruji inunuliwe wapi. Akiwa mwaminifu kuliko wote, hiyo ni sababu nyingine ya kumlinda na maneno ya watu.

Na mfadhili? Mtu aliyelipia kengele, anayeitwa mgeni rasmi kwenye kila harambee? Mshukuruni, mwombeeni, mpeni kiti cha mbele siku ya sikukuu. Kumpa uenyekiti kwa sababu ya mfuko wake ni kumweka paroko mahali pagumu, kwa kuwa hatakuwa na uwezo wa kumwambia hapana. Kwa wanasiasa nako kuna mwanga. Kanuni ya 317 inazuia wanaoongoza vyama vya siasa kuwa viongozi wa vyama rasmi vya waamini vilivyo vya utume. Halmashauri si chama cha namna hiyo, lakini mwaka wa uchaguzi mkuu kila mtu huona kwa nini sheria iliwaza hivyo.

Liko jambo ambalo sina jibu lake jepesi. Miongozo mingi inataka kiongozi awe anapokea sakramenti, maana yake, kwa aliye na mwenzi, awe amefunga ndoa kanisani. Najua sababu zake: anayewakilisha imani anatakiwa aiishi. Lakini katika jumuiya nyingi wapo akina mama wanaobeba kila kitu, wanaoosha wagonjwa, wanaokusanya zaka nyumba kwa nyumba, ambao mume amekataa ndoa ya kanisani au mahari haijaisha. Hawa huambiwa hawawezi kuchaguliwa, na wanarudi kwenye benchi kimya. Nisingependa sharti hilo lifutwe. Ningependa, kabla ya jina kukatwa, mtu aende nyumbani kwao akae nao na kuuliza ndoa hiyo imekwama wapi. Mara nyingine ni kiasi cha fedha ambacho jumuiya yenyewe ingeweza kukichanga kwa Jumamosi mbili.

Sifa inayozidi zote ni ile ambayo haihitaji cheo ili ionekane. Mwaka 1882 wamisionari wa Kikatoliki waliondoka Buganda na kwenda kusini mwa Ziwa Victoria, wakawaacha wabatizwa wachache bila padre. Waliporudi mwaka 1885 walikuta kundi limekua. Nani alilichunga? Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu aliyewasimamia vijana wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Andrew Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Matthias Mulumba, aliyekuwa mwamuzi wa mashauri chini ya chifu wa Ssingo. Hakuna aliyewasimika, wala hawakuwa na katiba wala muhuri. Waliuawa kwa ajili ya imani kati ya Novemba 1885 na Mei 1886, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu pamoja na wenzao tarehe 18 Oktoba 1964. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Novemba, papa huyohuyo alitia sahihi hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Kanisa, yenye sura nzima kuhusu walei. Ukitaka kujua nani wa kumchagua, anza na yule ambaye padre akichelewa, watu humgeukia yeye aanzishe sala.

Majirani zetu wanafanyaje?

Mlutheri au Mpresbiteri akisoma haya atatikisa kichwa. Kwake mzee wa kanisa si mshauri. Katika utaratibu wa Kipresbiteri, unaofuatwa na PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) Kenya, mzee anawekewa mikono, na baraza la wazee pamoja na mchungaji ndilo linaloamua. Mizizi yake iko Geneva mwaka 1541. Wazee 12 walitolewa katika mabaraza matatu ya mji, wawili, wanne na sita, kusimamia maadili pamoja na wachungaji. Waanglikana walipata njia yao ya katikati. Kanuni za Kanisa la Uingereza za mwaka 1604 zilitaka wasimamizi wa kanisa wachaguliwe kwa makubaliano ya padre na waumini, na wasipokubaliana, padre achague mmoja na watu wachague mwingine. Mtu anaweza kuziona hizo kama njia tatu zinazogombana. Naziona kama majibu matatu ya swali moja: mkono wa watu na mkono wa mchungaji vikutane wapi?

Kwa Wakatoliki, jibu bado linasogea. Hati ya mwisho ya Sinodi iliyomalizika Roma Oktoba 2024 imesisitiza kwamba mabaraza ya ushiriki, la kichungaji likiwemo, yawe ya lazima. Inataka pia wengi wa wajumbe wasiwe wa kuteuliwa na paroko au askofu, na wanawake, vijana na maskini wawe na nafasi ya kweli. Hilo la wanawake linatuhusu hasa sisi. Ingia jumuiya yoyote siku ya sala uhesabu nani yupo, kisha angalia orodha ya wenyeviti iliyobandikwa ofisi ya parokia. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, wamekuwa wakiendesha miradi, mafungo na mikutano ya kitaifa bila kushikwa mkono. Kumpa mmoja wao ukatibu ili aandike mihutasari ya wanaume siyo nafasi ya kweli.

Baada ya kura, kazi inayosahauliwa ni makabidhiano. Kanuni ya 1283 inataka anayechukua usimamizi wa mali aape, na orodha kamili ya mali iandikwe na kutiwa sahihi. Parokiani inatosha meza moja, Jumamosi mchana: daftari la zaka, taarifa za benki, vitabu vya risiti vilivyotumika na visivyotumika, funguo za stoo, idadi ya viti vya plastiki na vilivyovunjika, deni la kokoto ambalo bado halijalipwa. Aliyemaliza anasoma, aliyeingia anahesabu, paroko anatia sahihi ya tatu. Wiki inayofuata mwenyekiti wa zamani anakwenda jumuiyani kwake kama kawaida, na akikuta viti vimejaa, anakaa kwenye mkeka na kufungua kitabu cha nyimbo.